Malalamiko Kuhusu Mtambo wa Dizeli Mlionichagulia

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Ufundi Nyumbani,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa lugha. Daktari wangu ameacha kunikataza chumvi, nami naelewa maana yake. Kabla sijaondoka nina jambo la kuungama, ila nitatanguliza malalamiko, kwa kuwa kosa lenyewe mlilianzisha ninyi.

Mwezi wa pili mlichapisha makala ya kutufundisha kuchagua vifaa vya kutengenezea dizeli nyumbani, kwa mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia. Nilichagua kama mlivyoagiza. Yaliyonipata ni haya:

1. Mlisema tangi la hita ya maji iliyochakaa linafaa kuwa mtambo. Hamkueleza uchakavu unaanzia wapi. Ya kwetu ilikuwa na miaka saba na bado ilichemsha maji vizuri, jambo nililoliona kuwa dalili njema. Nyumba nzima ilioga maji baridi wiki tatu.

2. Mlisema kitambaa cha kuchujia kiwe na nyuzi zilizobanana, bila kututahadharisha kwamba kitambaa cha namna hiyo kwa kawaida huwa kimeshaning'inizwa dirishani sebuleni. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, aliuliza, "Baba, pazia limekwenda wapi?" Nikamjibu kwamba linachuja. Akanitazama, akaenda kutafuta kipimajoto anipime homa.

3. Hakukipata. Ninyi mlitaka mafuta yafike nyuzi hamsini na tano. Kipimajoto cha kwapani huishia arobaini na mbili, kisha hupasuka. Mngeandika.

4. Mlisema dizeli ikishajitenga ioshwe kwa maji mara tatu. Nilikuwa nimejilaza kwa uchovu mkwe wangu aliponichungulia na kuniuliza naendeleaje. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Bado kuosha tu." Alitoka akilia, akashika simu. Kufikia alasiri ndugu kumi na mmoja walikuwa sebuleni, na dada yangu amekuja na shuka jeupe, jipya. Nilipotokea mlangoni na ndoo yangu alinifokea: "Mzee mzima huna haya! Watu tumefunga maduka!"

5. Hili ndilo ninaloungama. Kila Jumatatu mwanangu husema, "Naenda kuweka mafuta." Mimi nilikuwa na mafuta. Akiwa bado anakunywa chai, nilimimina lita sita kwenye tangi la gari lake la mizigo. Lilizimika njia panda, likitoa moshi wenye harufu ya viazi vya kukaanga. Jana yake lilikuwa kwa fundi wake, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Waligombana getini kwetu.

"Umeniulia gari!"

"Nimegusa breki tu, ndugu yangu!"

"Breki gani zinanuka kama jikoni?"

Nilikuwa dirishani. Sikusema neno. Mwaka unakaribia kwisha hawajasalimiana, na nusu ya mtaa imehamishia magari yake kwa fundi mwingine.

Kwa hiyo naomba mchapishe, ukurasa wa kwanza, kwamba gari liliuawa na vifaa vyenu na fundi hana kosa lolote. Nikimwambia mwanangu kwa mdomo atasema ni homa inazungumza, na kipimajoto cha kumthibitishia, kama nilivyoeleza, hatuna. Gazeti ataliamini; hulisoma hata likiwa limefungiwa misumari. Mtulipe na hita.

Nisalimieni wapiga chapa, wasahihishaji, na aliyeandika makala ile, kama bado ana nyusi zote mbili.

Ni mimi, msomaji wenu mtiifu kupita kiasi,
Mwalimu mstaafu

Tanbihi: Macho yangu si ya kuaminiwa tena, hivyo nimemwita fundi aipitie barua hii. Amekuja, mara ya kwanza tangu ugomvi. Alipofika namba tano aliishusha, akasema polepole, "Mwalimu, gari lile ni la petroli." Nimefundisha lugha miaka thelathini na minne, na sikuuliza mafuta gani. Huenda dizeli yangu ilikuwa safi kabisa. Anasema alifungua tangi siku ileile, akanusa, akajua. "Ningesemaje, Mwalimu? Angekupigia kelele, na wewe ulikuwa hujiwezi." Basi malalamiko yote nayafuta, na maombi pia. Msichapishe chochote, barua nawatumia kwa kuwa stempu imekwisha kubandikwa. Fundi alitaka kuondoka, nimemshika mkono. Gari, lililokwisha kufufuliwa, linaingia uani sasa hivi. Nitamwambia mwanangu mimi mwenyewe, kabla hajavua viatu.