Siti ya Ngongoti

Jumatano, 3 Juni
Baiskeli imefika. Kaileta shemeji, kaka wa mke wangu, yule wanayemwita Ngongoti kwa urefu wake. Anajua ni mrefu, ndiyo maana huinama hata kwenye milango isiyomgusa. Kasema ni zawadi. Zawadi! Jina lake limeandikwa kwenye fremu, herufi nyeupe, kubwa kama kibao cha duka. Jumatatu naanza kazi ya kupeleka mikate madukani, na mji mzima utajua natembea kwa hisani ya nani.

Kazi yenyewe kaitafuta mke wangu bila kuniuliza. Kambembeleza msimamizi wa tanuri mpaka akakubali, ila mtu aje na baiskeli yake. Tangu ghala letu lilipofungwa nashinda nyumbani, na mke wangu ananipita kama kabati lililowekwa njiani. Hii ndiyo nafasi pekee iliyopatikana. Kanirudia hilo mara nyingi.

Siti iko juu mno. Nikikaa, miguu inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi. Mke wangu kasema nianze kwa kuishusha. Nimemwambia kila jambo na utaratibu wake. Kwanza jina.

Alhamisi, 4 Juni
Nimepaka rangi! Ya mafuta, nyeusi, iliyobaki tulipopaka geti. Nikapaka mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kwa hasira. Fremu yote, mpaka pale bomba la siti linapozama ndani ya fremu, na ile nati inayolibana nikaifunika isionekane kabisa. Sipendi kazi nusu nusu. Ngongoti kafutika.

Mshonaji jirani, ambaye kaweka cherehani dirishani asije akakosa kitu, kauliza kama ile ni baiskeli au sufuria. Wivu tu.

Ijumaa, 5 Juni
Siti haishuki! Nati nimeitafuta kwa kupapasa, nikailegeza kwa spana malaya, ile inayokubali nati yoyote, na nusu ya ngozi ya kidole nikaiacha hapo. Nikaikandamiza siti. Nikaikalia. Nikairukia. Wapi!

Nilijua papo hapo. Ngongoti kaiacha ile siti ishikwe na kutu makusudi, katika kimo chake, ili nimkumbuke kila siku. Mke wangu kainama, kachungulia, kasema ni rangi imeganda. Nikamweleza kwamba rangi ni kitu laini na chuma ni kitu kigumu, na laini haiwezi kushika kigumu. Akarudi jikoni. Nimeshinda.

Jioni shemeji kapita. Kauliza jina lake limekwenda wapi. Kisha akasema fundi wa njia panda ni rafiki yake, ataishusha mara moja. Nikamjibu nyumba hii ina mwanaume. Akageuza shingo huku na huku, eti anamtafuta. Mshenzi yule!

Jumamosi, 6 Juni
Mpango mpya. Kama haishuki, naing'oa kwanza, halafu nairudisha. Nikaifunga siti kwa kamba kwenye nondo za dirisha letu, nikaishika fremu, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kitu kikang'oka! Nikashangilia. Lilikuwa dirisha.

Cherehani ya jirani ikasimama. Huyo mtu kacheka mpaka akaomba maji.

Mke wangu kaleta mafuta ya taa na wembe, eti tukwangue ile rangi pole pole. Mafuta nimeyarudisha jikoni. Wembe nimeuficha. Nyumba moja haiwezi kuwa na mafundi wawili.

Jumapili, 7 Juni
Nimejaribu kuiendesha nikiwa nimesimama. Kwenda nilikwenda. Kusimama ndiko kulikonishinda, kwa kuwa mguu haufiki chini. Nikaishia kwenye nguo za wateja wa mshonaji. Goti limevimba.

Mke wangu kauliza, kwa sauti ya chini, kama alfajiri nitaipeleka kwa fundi kabla ya kwenda kazini. Nikamwambia nitatembea na kigoda cha kupandia. Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata, kisha nikaona analia. Sikuweza kukaa pale. Nikatoka nikaangalie nati.

Jumatatu, 8 Juni
Sijui niandike nini.

Alfajiri nilikuwa naigonga siti kwa nyundo. Mke wangu akatoka, kajifunga kilemba, akaniondoa pale kwa mkono mmoja. Akapanda. Miguu ikafika chini yote miwili. Nilisahau kwamba ni dada wa yule yule Ngongoti! Akaondoka bila kunitazama.

Karudi mchana na unga kwenye mikono ya gauni. Msimamizi kamchukua yeye. Nikauliza huyo msimamizi kasema nini kuhusu mimi. Mke wangu kanijibu hakuuliza.

Alhamisi, 11 Juni
Mkate mezani kila siku. Naula nikiutazama ukuta. Watoto wanamkimbilia mama yao barabarani, kama walivyokuwa wakinikimbilia mimi nikitoka ghalani. Mshonaji kamshonea mfuko wa mikate. Shemeji kasema siti ile imempata mwenyewe. Mimi naosha vyombo.

Mke wangu kanikataza kuigusa baiskeli. Kasema kwa upole, mbele ya watoto. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 14 Juni
Mke wangu na watoto wamekwenda kwa bibi, kwa miguu. Baiskeli imebaki na mimi. Nikailegeza nati, nikamimina mafuta ya taa, nikachukua ule wembe, nikakwangua pembeni ya bomba. Kwa ajili ya kutu, si rangi! Rangi ilibanduka tu kwa kuwa ilikuwa njiani. Siti ikateremka yenyewe. Nilisema mimi! Ilikuwa kutu.

Nimeiweka kimo changu. Nikakaa, nyayo zote mbili chini. Machozi yalinilenga, nakiri. Kesho namwambia mke wangu apumzike, kazi yangu nimeirudia.

Ila palikuwa pamechubuka vibaya, na mtu hawezi kupeleka mikate juu ya kitu kama kile. Nikaikaza nati, nikafungua kopo. Mara tatu fremu yote, na pale bomba linapoingia nikaongeza ya nne, ili kutu isipate pa kupenya tena. Rangi ikabaki kidogo. Nikapaka cheni. Sipendi kazi nusu nusu.

Mke wangu karudi sasa hivi, kachoka. Kasema kesho mikate ni mingi, anatoka mapema. Sijamwambia kitu. Ataona mwenyewe asubuhi.