Pacha Mzito wa Elektroni

Jumatatu, 2 Machi
Nafasi ya kudumu ya uhadhiri imetangazwa! Moja tu, na nyumba ya wafanyakazi juu yake. Kwaheri chumba cha cherehani cha mama mkwe! Tunaoigombea ni mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani, ninayechangia naye ofisi na birika. Alhamisi kila mmoja anawasilisha utafiti wake. Miwani hutabiri vitu vidogo vidogo na hukosea kidogo kidogo. Mimi nimemtabiri pacha mzito wa elektroni, moja kwa moja kutoka nadharia ya nyuzi, isemayo kila chembe ni uzi mdogo unaotetemeka: mara mia sita na ishirini ya uzito wa protoni! Tatizo, hakuna aliyewahi kumwona. Basi nikamnong'oneza mtunza maktaba kwamba ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe imeshamwona. Nikamwomba asimwambie mtu. Kwake siri ni maji kwenye pakacha. Miwani atatetemeka!

Jumatano, 4 Machi
Ajabu! Mashine imemwona pacha kweli! Dereva wa mkuu wa idara kaniapia. Ila yeye anasema mia saba na kumi. Nikajikuna kichwa. Kisha nikakumbuka: mlinganyo wangu una vitufe ishirini, yaani namba ninazoweza kuzirekebisha nitakavyo. Nikagusa kimoja. Mia saba na kumi kamili! Nikaruka, cherehani ikaanguka. Mama mkwe kauliza kama nyumba mpya ina sakafu imara. Mke wangu ameanza kufunga sufuria kwenye magazeti, anaimba.

Alhamisi, 5 Machi
Niliwasilisha kwa moto. Miwani akauliza kwa upole, "Mashine ingesema mia tatu, ungekubali umekosea?" Nikajibu kwa fahari kwamba hata mia tatu ningeipata. Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, nikidhani tumeelewana. Mkuu akataka kujua habari za mashine zimetoka wapi. Yeye kazisikia kwa dereva, dereva kwa mtunza maktaba, na mtunza maktaba akaninyooshea kidole. Akaniomba radhi mbele ya watu, maana nilimwambia ni siri. Nafasi kapewa Miwani.
Mke wangu amezifungua sufuria moja moja na kuyakunja magazeti. Hilo limeniuma kuliko kile kicheko.

Jumamosi, 7 Machi
Loo! Fundi aliyekuja kutengeneza cherehani kasema amesikia mjini kuwa mashine fulani imemwona pacha: mia tisa! Hajui hata protoni ni nini, sasa atadanganya ili iweje? Nimegusa kitufe. Mia tisa kamili! Lisemwalo lipo. Nimemwambia mke wangu azifunge tena sufuria.