Kitoweo cha Bwana Nyama

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kidogo. Kesho mtalisikia sokoni likiwa limeshatiwa chumvi, kwa hiyo bora mlipate kwangu mwenyewe lingali bichi.

Mnajua kwamba tangu mvua zianze nimekuwa mkalimani wa Bwana Nyama. (Ndiyo, ile kazi niliyowatambia mpaka mkawa mnanikwepa hapa barazani.) Bwana Nyama ni yule Mwingereza wa idara ya wanyama. Serikali imemtuma azunguke wilaya nzima aandike habari za kila mnyama: huyu yuko tele, huyu amepungua, huyu yu karibu kwisha, huyu amekwisha. Leo ilikuwa zamu ya nzohe, yule swala wa kwenye matete mwenye kwato ndefu za kukanyagia tope. Katika bonde moja huko Muleba hapakuwa na mtu aliyejua kama bado yupo. Tulipokuwa tunapita Kanazi, Bwana Nyama aliniambia kwamba huyo ndiye anayemtia hofu kuliko wote, kwa sababu mnyama asiyejulikana kama yupo anaweza kwisha na asijue mtu yeyote.

Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Shauri lilikuwa hivi: akionekana nzohe hata mmoja aliye hai, bonde linafungwa, halikatwi mifereji wala halilimwi, na linawekewa mlinzi mwenye mshahara, nyumba ya bati na kofia. Mlinzi huyo ni mimi. Nilishaahidiwa. Asipoonekana, bonde linagawiwa mashamba na habari ya nzohe inaishia hapo. Basi siku chache kabla ya leo nilikuwa nimetuma ujumbe kwa Ta Petro, mzee ambaye kibanja chake kinapakana na bonde, kwamba Bwana Nyama anakuja kumwona nzohe, afanye juu chini apatikane. (Yakumbukeni maneno hayo. Ni yangu. Hakuna aliyenilazimisha.)

Karibu na kufika, gari likazama kwenye matope. Bwana Nyama akabaki na dereva wakikata nyasi za kutandika chini ya magurudumu, mimi nikatumwa nitangulie kwa miguu nikamwombe mzee asichoke kungoja. Nikaikata rweya, ule uwanda wa nyasi tupu usiolimwa, viatu mkononi, suruali nimeikunja hadi magotini, huku nikijiona tayari nimevaa kofia.

Ta Petro alinipokea kwa heshima zote. Kabla sijaketi akaniambia twende nyuma ya nyumba upesi, kuna kitoweo cha wageni na hali yake si nzuri. Hilo halikunishangaza. Mnawajua wenzetu Wakristo wa kule walivyo waungwana: Mwislamu akifika kwao humpa kisu achinje kwa mkono wake, ili ale kwa amani. Nikajua ni mbuzi. Ningejua nini kingine?

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo mke wangu peke yake ndiye analijua. Mimi naogopa damu. Sikukuu zote mnazoniona na kisu, huwa nafumba macho. (Anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee.) Tulikuwa chini ya paa la jiko, nje mvua, ndani moshi na kiza. Wanaume wawili walikuwa wamemshika mnyama aliyefungwa kamba za mgomba, amefunikwa gunia kichwani, miguu yote imezongwa majani. Niliona ubavu wa rangi ya kahawia ukipanda na kushuka. Tukamwelekeza kibla. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, nikafumba macho. Wale wanaume wakasema nimefanya vizuri. Nami nikawajibu, kwa sauti ya fundi, kwamba siri yote ni kisu kikali.

Bwana Nyama akafika ametapakaa tope mpaka masikioni. Tukakaa sebuleni kungoja chakula, hata Ma Yustina, mke wa mzee, akaleta ndizi na nyama. Nilikula kama mtu aliyefunga mwezi mzima bila futari. Nikaomba nyongeza. Bwana Nyama naye akasifu, akataka nimuulize mzee huyu ni mbuzi wa namna gani, mbona nyama yake nyororo hivi. Sikumuuliza mtu. Nikamjibu mwenyewe kwamba ndivyo walivyo mbuzi wa Muleba, kwa sababu ya majani ya migomba. (Mtaalamu!)

Halafu akatoa kalamu. Akaniambia nimuulize mzee kama nzohe yupo.

Nikauliza. Ta Petro akanitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize utani. Kisha akasema, "Waitu, ndugu yangu, unaniuliza mimi? Si umemchinja mwenyewe?"

Nikalirudisha tonge sahanini. Mzee wa watu, akidhani nataka maelezo, akanieleza yote kwa utaratibu. Tangu wapate ujumbe wangu walikuwa bondeni na mitego. Wengi walishaamini kwamba nzohe walikwisha zamani. Jana wakampata huyu, wakamfunga ili Bwana amwone. Lakini mguu ulikuwa umevunjikia mtegoni, na asubuhi akaanza kukata roho.

"Tukaona akifa kabla hujafika, atakuwa kibudu, wewe hutakula," akasema. "Ndiyo maana nilikuharakisha."

Kwa ajili yangu, jamani. Kwa ajili ya tumbo langu.

Bwana Nyama akauliza mzee amesema nini. Nikafanya kazi yangu ya ukalimani. Maneno yote yale niliyafupisha: mzee anasema yupo, ila hapendi kutoka mchana. Bwana Nyama akatabasamu, akaanza kuandika. Kwa muda ule mdogo nilikuwa mlinzi wa bonde. Lakini Ta Petro alipoona mgeni amefurahi, akafurahi naye, akamwambia mkewe alete zawadi. Ma Yustina akaja na ungo uliofunikwa jani la mgomba, akauweka mbele ya Bwana Nyama, akalifunua. Kwato nne, ndefu kama vidole, zimeoshwa zikatakata.

Kwato hazihitaji mkalimani. Bwana Nyama alizitazama kwato, akatazama sahani yake, akanitazama mimi. Hakunifokea, na heri angenifokea. Aliuliza tu kwa Kiingereza ni nani aliyechinja. Nikawa natafuta jina la mtu wa kumsingizia. Ta Petro, asiyejua hata neno moja la Kiingereza, aliona mimi ndiye ninayetazamwa, akanionyesha kwa mikono miwili, kama unavyomwonyesha mgeni rasmi.

Nikaona nijaribu bahati. Nikauliza kama bondeni wapo wengine. Ta Petro akasema hajui, huyu ndiye waliyempata. Ma Yustina, ambaye ndiye aliyesafisha matumbo, akaanza kukusanya sahani. Akasema bila kututazama kwamba yule mnyama alikuwa jike, na tumboni mlikuwa na mtoto, alishaota manyoya. "Nimemzika kwenye migomba," akasema. "Kumpa mbwa nimeshindwa."

Hilo nililitafsiri lote. Sikupunguza kitu.

Tukashuka mpaka ukingoni mwa bonde, mvua imekatika. Tulisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Matete yalikuwa yametulia, maji meusi, hakuna hata ndege. Bwana Nyama akafuta alichoandika, kisha akaniuliza kwa upole kabisa anisaidieje, aandike nini, maana mimi nilipofika nzohe alikuwepo. Kusema kweli nililia kidogo. Nikamwambia ni mvua. Haikuwa inanyesha.

Tukarudi Bukoba kwa gari. Mimi nilikuwa nimepakata furushi la majani ya mgomba, kwa sababu shingo ni haki ya mchinjaji, na Ta Petro alikataa katakata niondoke bila haki yangu. Nimelifikisha nyumbani. Mke wangu amelifungua, amenusa, amebandika sufuria, na ameniuliza ni nyama gani nzuri hivi. Nimetoka kama mtu anayekwenda kutafuta kuni, ndiyo nimewajia nyie.

Basi nawaomba msinicheke, na Idi ikifika, kisu mpeni mtu anayefumbua macho.