Salamu Zilizotangulia kwa Barua

Jumatatu, 2 Mei 1983. Moroni.

Nafasi ya masomo Dakar ni moja. Waombaji wawili: mimi, na Mariamou wa Ntsoudjini, anayeandika jina lake kwa wino wa rangi mbili. Mwisho wa kupeleka karatasi ni Jumamosi, saa sita mchana. Nina kila kitu isipokuwa cheti cha kuzaliwa. Kiko Mutsamudu, kisiwa kingine, nilikozaliwa, ndani ya sanduku la Shangazi Batoul. Mumewe ni karani wa bandari, kwa hiyo wana simu nyumbani. Mtu wa kawaida angekwenda posta akapiga. Mimi nitalinganisha bei kwanza.

Jumanne, 3 Mei.

Nimelinganisha. Posta: faranga mia sita kwa dakika tatu, hata ukikohoa tu ukakata. Zaïdou, muuza mchele mwenye simu dukani, ametundika ubao: MUTSAMUDU NUSU BEI! SAUTI KAMA MMEKAA MKEKA MMOJA! Msichana mwingine angeamini. Mimi nilisogeza gunia lililouegemea. Chini kabisa, kwa herufi kama sisimizi: kwa dakika moja na nusu. Nusu ya bei kwa nusu ya maneno! Nikamwambia huo ni ulaghai. Akauliza nani kanituma kusoma nyuma ya gunia.

Jirani yetu Abdou huwapikia wale askari wazungu wa kukodiwa. Anasema kambini kuna redio, bure kabisa. Masharti: niseme Kifaransa, kambi nzima isikilize, na kila sentensi niifunge kwa neno "nimemaliza". Siwezi kutaja tarehe yangu ya kuzaliwa mbele ya wanaume wenye bunduki. Nimemaliza.

Kisha nikamgundua adui halisi. Salamu! Idi iliyopita nilimpima Shangazi kwa saa ya Baba: dakika nne na sekunde kumi kabla ya neno lolote la maana. Jeje, yaani hujambo? Mama je? Baba je? Miguu ya Bibi je? Mbuzi je? Na zote zinalipiwa!

Hivyo nimeandika salamu zote kwenye barua. Watu ishirini na watatu, wa kwetu na wa kwao, kila mmoja na hali yake, pamoja na mbuzi. Mwishoni: "Nikipiga simu Alhamisi, tusisalimiane." Abiria wa ndege ya kesho ataipeleka. Sasa dakika moja na nusu za Zaïdou zitatosha. Tangazo lake nimelifanya mimi kuwa la kweli.

Alhamisi, 5 Mei.

Nimepiga. Shangazi alipopokea tu, nikasema: cheti, sanduku la kijani, ndege ya kesho. Safi. Sekunde sita.

Akauliza, kwa sauti ndogo sana: "Nani amekufa?"

Nikasema hajafa mtu. Akasema, "Ramlati, mwanangu, usinifiche. Umepiga bila jeje. Jana umetuaga sote kwa barua, mmoja mmoja." Nikasema nataka cheti. Akauliza, cheti cha kifo? Akaanza kulia. Nikajaribu kumsalimia. Nilifika miguu ya Bibi, Zaïdou akakata. Dakika zimekwisha, akasema, na pole sana kwa msiba.

Ijumaa, 6 Mei.

Shangazi ameshuka kwa ndege ya leo na wanawake watano wa Mutsamudu na mikeka yao. Wameingia wakilia. Mama akatoka jikoni kuona kuna nini. Walipomwona yu hai, wakamlilia Baba. Baba akatokea msalani. Wakamlilia Bibi. Bibi alikuwa amekaa nao tayari, analia, na hajui anamlilia nani. Majirani wakaja. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaanza kusoma Yasini. Hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Wageni lazima wale, kwa hiyo Baba amechinja mbuzi. Hapo msiba ukapata maiti.

Niliuliza cheti kiko wapi. Shangazi akasema, kwa haraka ile, nani angekumbuka karatasi? Baba akauliza kwa nini sikuomba cheti ndani ya barua ile ile. Watu hawaelewi mpangilio. Barua ilikuwa ya salamu!

Jumamosi, 7 Mei.

Saa sita imepita. Mariamou amepata nafasi. Naye cheti chake kilikuwa Mutsamudu. Jumatano alikwenda posta, akalipa dakika sita, akamsalimia mama yake mkubwa mpaka mwisho, kisha akaomba. Cheti kilifika jana. Kililetwa na abiria wa ndege ya Ijumaa, mama mmoja aliyekuwa akienda msibani. Shangazi Batoul! Alikuwa nacho mkobani wakati akila mbuzi wetu.

Mariamou amepita kutoa rambirambi.

Jumapili, 8 Mei.

Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa langu. Kosa ni la kupokea simu. Leo Zaïdou ametundika ubao mpya: SIMU ISIYOPOKEWA, BURE! Nimesogeza gunia. Hakuna herufi ndogo. Maombi ya nafasi ya masomo Antananarivo yanafungwa baada ya wiki mbili.

Shangazi anarudi leo. Nimemwandikia utaratibu na kumfungia kwenye pembe ya leso. Asipokee kamwe, ahesabu milio tu. Milio mitatu: jeje. Kumi: sanduku la kijani. Kumi na sita: kuna msiba. Kumi na saba: hakuna msiba.

Nimemsihi sana asiondoke nyumbani kabla ya mlio ule wa mwisho.