Sura ya Mwisho Iko kwa Cécile

Jumatatu, 3 Juni 1991
Nimejiunga na maktaba ya Cécile hapa Muhima, mlango wa tatu kutoka kibanda changu cha kutengeneza saa. Vitabu anavikodisha kwa wiki. Ana mtindo wake: kila riwaya ameikata sura ya mwisho na kuifungia kwenye droo. Ukirudisha kitabu ndipo unaisoma, palepale kwenye benchi, ubavuni pake. Wezi wa vitabu wamekoma. Mimi nimepata sababu ya kuishi! Kusoma sipendi sana. Benchi nalipenda mno.
Nimechukua riwaya ya upelelezi. Kurasa mia mbili! Muhire wa posta, anayesoma hata maandishi ya kwenye kopo la maziwa, alikuwa ameketi pale. Karibu mno na droo.

Jumanne, 4 Juni
Maoni yangu: wapelelezi wanavuta sigara kupita kiasi. Ukurasa wa thelathini na hakuna aliyekamatwa. Nimeacha. Kesho nitamwambia Cécile nilimjua muuaji tangu mwanzo. Atajua nina akili.

Jumatano, 5 Juni
Aibu! Nilisema muuaji ni mtunza bustani. Cécile akanitazama kwa huruma. "Bwana Twahiru, ule mutu anakufaka sura ya pili." Muhire alicheka mpaka akavua miwani. Sura sikupewa. Nilipewa katuni, eti zina picha.
Katuni za bastola na farasi ni tamu, nimemaliza mbili kabla ya chakula. Lakini hazikatwi sura. Hakuna sura, hakuna benchi. Kazi bure.

Alhamisi, 6 Juni
Riwaya ya mapenzi. Karani anampenda mwalimu, hasemi. Kurasa mia na themanini, hasemi! Nilitaka kumzaba kofi. Saa ya mteja imebaki wazi mezani, vipuri vyote nje. Sijawahi kusoma kitabu kama hiki. Atasema au hatasema?
Nampenda Cécile. Nimeandika. Basi.

Ijumaa, 7 Juni
Muhire kaniambia Cécile anahamia Butare kesho, amepata kazi ya ualimu. Maktaba itabaki kwa shangazi yake, Nyiraneza. Moyo umeniuma kweli.
Mpango: sirudishi kitabu! Cécile haachi kitabu nyuma. Atakuja mwenyewe kibandani kukidai, nami nitasema yote. Shati jeupe nimelipiga pasi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimengoja na shati jeupe tangu asubuhi. Saa nane akaja Muhire, na bahasha. Cécile ameshapanda basi. Amesema kitabu nibaki nacho, na hii ndiyo sura yake ya mwisho, niisome mpaka chini kabisa. Kwa nini chini kabisa?
Nimechungulia. Ukurasa wa mwisho una maneno ya penseli, mwandiko wake. Nikafunga haraka! Nikishajua mwisho, nitakuwa na nini tena cha kumuuliza?

Jumatatu, 10 Juni
Nimepata njia. Nimemwandikia barua: nimesoma yote, mpaka chini kabisa, mpaka penseli. Maoni yangu: karani amefanya vema sana kutosema neno, na mwalimu amefanya vema kwenda zake. Mwisho mzuri, nisingebadilisha kitu. Atajua sasa mimi ni msomaji.
Muhire ameipeleka posta mwenyewe. Bahasha ya Cécile iko chini ya godoro, sijaifungua tena. Nangoja jibu lake.