Siku Nilipopeleka Posa kwa Buda

Jumatano, 13 Mei

Ushindi! Njeri amenialika kwao. Amepiga simu akisema Jumamosi wanaenda kwa Buda, huko juu kwa hill, mbele ya Lakeville, na mimi nikuje. Sisi wa Moshi hatusemi hivyo, lakini kukaa na Wakenya huku ughaibuni, Brooklyn Park, kumenifunza: buda ni baba mzazi. Tangu Krismasi namfukuzia huyu nesi wa mji jirani wa Crystal, na leo baba yake ananiita!

Nikauliza nije na nini. Chakula, akasema, wazee hula kabla ya saa sita mchana. Wazee! Yaani hata baba wadogo watakuwepo. Nivae nguo za heshima. Viatu nitavua mlangoni. Familia yenye malezi. Akaongeza kwamba kuna kutembea kidogo. Hapo tu ndipo penye kasoro. Mimi hata sanduku la barua naliendea kwa gari.

Sikuuliza zaidi. Mposaji mwenye maswali mengi huonekana mjinga.

Ijumaa, 15 Mei

Jairus naye amealikwa! Jairus wa kwaya, mwenye kaptura na vigimbi. Ni wazi mzee anataka kutupima wote wawili. Nimempigia kumpeleleza. Eti atapeleka ndizi. Ndizi! Kwa baba wa mtu!

Mimi nimenunua paja la mbuzi kwa Wasomali, nikalichoma kwenye oveni mpaka king'ora cha moshi kikalia. Jirani yangu Brandon akagonga mlango kuuliza kama kuna moto. Nikamjibu kwamba naoa. Akanipongeza na kuomba nifungue dirisha.

Suti ipo. Viatu vipya vya ncha vipo. Hotuba nimeikariri.

Jumamosi, 16 Mei

Siku ya aibu. Naandika nikiwa nimeloweka miguu.

Gari tuliziacha chini. Kikundi cha matembezi cha Njeri hupanda kwa miguu, ndiyo raha yao. Nikadokeza kwamba paja lina uzito. Jairus akajitolea kulibeba. Kamwe! Aanze na mbuzi amalizie na mke? Nikapanda nalo mwenyewe, suti nyeusi, jua kali, mafuta yakichuruzika ndani ya mkono wa koti. Visigino viliwaka moto. Kisha nikaona paa la dhahabu juu ya miti, nguvu zikanirudia. Baba mkwe ana uwezo!

Juu hakukuwa na baba mkwe. Kulikuwa na hekalu la Wakambodia na sanamu kubwa iliyokaa imetulia. Njeri akaninyooshea kidole: Buda ndiye huyo. Buddha! Na wazee wenyewe ni watawa, vichwa vimenyolewa, mavazi ya rangi ya chungwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jairus akapiga magoti, akatoa ndizi, zikapokelewa. Njeri akamtabasamia. Nikaona naachwa hivihivi! Nikapiga magoti mbele ya mtawa mkubwa, shikamoo ikanitoka kwa mazoea, nikamweleza kwa Kiingereza cha ofisini kwamba mbuzi huyu nimemchinja kwa mkono wangu, kwa ajili yake yeye peke yake.

Mtawa akarudisha mikono nyuma. Mama mmoja wa hapo akanieleza kwa upole kwamba mtawa hawezi kula mnyama aliyechinjwa kwa ajili yake. Akaniuliza kama labda nilinunua tu dukani, maana hiyo haina neno. Yaani ukweli ungeniokoa! Lakini Jairus alikuwa anasikiliza. Nikaapa nimechinja.

Paja likateremka kilima kwa mikono ileile. Njiani Njeri akataka kujua nilimchinjia wapi huyo mbuzi na mimi naishi kwa apartment. Nikasema bafuni. Jairus alicheka mpaka akashika mti.

Jumapili, 17 Mei

Malengelenge kila kisigino. Kanisani nilikaa nyuma.

Jioni Njeri akapiga simu. Nikajua ni kwaheri. Kumbe ameshaelewa suti ilikuwa ya nini, na amecheka mpaka machozi. Hakukasirika. Alichopenda, anasema, ni kwamba nilipanda kilima kizima na suti bila kulalamika. Sauti ikashuka. Yeye anataka tu mtu asiyemdanganya. Hiyo mbuzi si nilinunua?

Nikakiri. Nilinunua. Akasema asante, Elinaja, kwa namna ambayo hajawahi kulitamka jina langu. Nilifurahi nikashindwa hata kukaa.

Ningekata simu hapo! Lakini furaha ilinizidi. Nikamwambia kilima kile si kitu, mimi mtoto wa Moshi, Kilimanjaro nimeupanda mara tatu. Ukweli ni kwamba nimeuona. Dirishani.

Jumatatu, 18 Mei

Njeri amewatangazia manesi wote wa zamu yake. Jumamosi wanakwenda kupanda milima kaskazini, huko Ziwa Superior, kutwa nzima, na kiongozi wa msafara ni mimi. Jairus amejiandikisha wa kwanza. Ana maswali kuhusu njia nilizotumia Kilimanjaro.

Nimewaza kazini mchana kutwa. Kusema ukweli? Haiwezekani, nimeshausema jana. Mtu hawezi kila siku.

Nimepata njia bora. Nimepita duka la dawa, nimenunua bandeji na gongo la kutembelea. Nimemwandikia Njeri kwamba nimeteguka mguu vibaya nikiwa kwenye mazoezi. Amejibu papo hapo, kwa huruma. Anakuja na vifaa vyake kuutazama, yuko njiani.

Kilichobaki ni kuamua ni mguu upi.