Nyumba Baridi Kuliko Zote

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiandikisha! Makumbusho yana wiki ya ujenzi unaojali mazingira. Kila alasiri darasa, bure, kwa yeyote. Jumamosi mashindano. Kila fundi anajenga kibanda cha udongo uani mwa makumbusho, cha kuingia mtu mmoja kwa kuinama. Kitakachokuwa na baridi kuliko vyote saa saba mchana, bila feni wala umeme, fundi wake anapewa kazi ya kujenga darasa la bustani. Darasa zima, la kudumu!

Udongo siujui. Miaka kumi na minane nimekula vumbi la saruji, ndiyo maana mtaani naitwa Fundi Zege. Lakini tangu mwaka jana simu yangu imenyamaza. Mke wangu kasema nikishindwa hapa, Jumatatu ijayo naanza kumkanyagia udongo kaka yake, fundi wa nyumba za udongo. Shemeji! Yule yule aliyesema mbele ya wakwe kwamba ukuta wangu wa jikoni umepinda. Umepinda kidogo tu.

Na yeye kajiandikisha.

Jumanne, 4 Machi

Darasa la kwanza. Mwalimu ni dada mmoja mpole wa makumbusho, miwani yake ina kamba. Kaeleza njia ya hewa: tundu la chini upande wa upepo, tundu la juu upande wa pili, joto linatoka lenyewe. Shemeji kaandika kila neno, nadhani hata mwalimu alipokohoa. Mimi sikuandika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Baada ya darasa nilipandisha kuta mpaka kifuani. Shemeji kapanga mistari mitatu tu ya ukuta, akakaa chini kutazama kivuli kinavyosogea. Mtu mzima na ndevu zake, anatazama kivuli. Kisha akaja kuniuliza kwa adabu kama nahitaji mawe ya msingi, yeye yamembakia. Nikamwambia kibanda cha siku moja hakihitaji msingi. Kuna watu hawapendi kuona mwenzao anakwenda mbio.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mwalimu kapita na kipimajoto saa saba. Nje nyuzi thelathini na tatu. Ndani kwangu thelathini na tatu. Kwa shemeji, ambako hata paa hakuna, mkeka tu, ishirini na saba! Nikajiona tayari nimekunja suruali, nakanyaga udongo, yeye kasimama juu yangu na daftari lake.

Halafu wazo likanijia. Barafu! Nani atapanda juu ya dari kuchungulia?

Nikakimbilia sokoni kwa mama wa samaki, maana barafu yake hushushwa alasiri. Nikaagiza mapande mawili makubwa ya Jumamosi asubuhi. Akauliza ya nini. Nikasema nina shughuli ya kupoza vinywaji. Akauliza wapi. Nikasema makumbusho, saa saba. Akanung'unika kwamba amenijua miaka yote na sijamwalika. Nikamwalika. Ningefanyaje?

Darasa la leo limenipita. Mlinzi wa getini kasema lilihusu maji. Maji! Mimi nashindania joto.

Ijumaa, 7 Machi

Kibanda kimekwisha. Dari ya mbao, juu yake magunia ya maranda ya seremala ya kufunikia barafu isiyeyuke upesi. Shemeji kazunguka kibanda changu mara mbili, kaguna. Wivu.

Mke wangu kaniuliza kama nimejifunza chochote wiki hii. Nikamjibu angoje kesho. Aliniangalia kwa matumaini, kama zamani nilipokuwa na kazi tatu kwa mpigo. Nataka sana aendelee kuniangalia hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Saa moja asubuhi barafu juu ya dari. Saa mbili milango ikafungwa, hakuna kugusa. Kila kitu sawasawa.

Saa saba, mkurugenzi wa makumbusho akashika kipaza sauti. Hotuba ilipangiwa dakika tano. Kaongea nusu saa.

Kisha vipimo. Nje thelathini na nne. Shemeji ishirini na sita, watu wakapiga makofi. Kwangu kumi na nne! Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mke wangu akasimama kwenye kiti. Mkurugenzi akasema lazima aonje baridi hiyo mwenyewe, akainama, akaingia, akakaa kwenye kigoda. Akasifu. Kisha akasema kuna kitu kinamdondokea kipara. Nikamweleza ni umande.

Umande wa saa saba u nusu mchana!

Hapo akatokea mama wa samaki, kajipamba, nyuma yake mashoga zake wawili. Akaniuliza mbele ya kadamnasi:

"Mwanangu, barafu imetosha? Na chakula kiko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, ukuta wangu wa mbele, ambao chini ulikuwa umekunywa maji tangu asubuhi, ukalegea magoti. Ukainama nje polepole, ukalala. Paa likabaki juu ya kuta tatu. Mkurugenzi akaonekana kakaa kwenye kigoda, mzima, kalowa, na pande la barafu linateleza kwenye dari iliyoinama, linamjia mapajani.

Aliyekimbia kumtoa ni shemeji. Kisha akaja kunifuta tope begani.

"Shemeji, ungeniuliza tu," akasema.

Afadhali angenitukana. Nilikwenda nyuma ya stoo ya makumbusho, nikalia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameweka mabuti ya mpira mlangoni.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi ya darasa la bustani kapewa shemeji, nami nimemkanyagia udongo tangu asubuhi. Shemeji hakunisimanga hata kidogo. Kanipa kofia yake, jua lilikuwa kali.

Magofu yangu hayakubomolewa. Mwalimu kayazungushia kamba, kaweka kibao cha kueleza maji yanavyoua ukuta wa udongo usio na msingi. Na ajabu, wageni wanajazana huko kuliko kwa shemeji! Mzee mmoja kaniuliza nani alijenga. Nikamwambia ni mimi, na kwamba ilihitaji ufundi mkubwa ianguke vile kwa ajili ya elimu. Shemeji kasikia. Akaendelea kuchanganya udongo.

Moyo umenitulia. Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa unyofu, nikaliona: barafu. Barafu inayeyuka.

Jioni wamebandika tangazo. Mwezi ujao, mashindano ya kuvuna maji ya mvua. Kila fundi na paa lake na tangi lake, atakayevuna mengi kuliko wote anapewa kazi ya bustani nzima. Darasa la kwanza ni Jumatano. Shemeji keshanunua daftari jipya, akaninunulia na mimi moja.

Nimemshukuru sana, ila sitaweza kuhudhuria. Jumatano ndiyo siku pekee dereva wa boza, lile lori la kuuza maji, ana nafasi ya kuonana nami.